Upande wa Kushoto wa Bibi Harusi

Mpendwa mshauri, shikamoo.

Jambo ninalokuandikia leo sijawahi kumwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki yangu wa dawati moja, na ninaomba msaada wako huku nikijua kwamba kwa kuliandika tu nimekwisha kuvunja ahadi niliyoiweka tangu utotoni: dada yangu mkubwa, ambaye anaolewa mwisho wa mwezi ujao na ambaye mimi ndiye msimamizi wake, hasikii kwa sikio la kushoto. Sisemi kwamba anasikia kwa shida. Hasikii kabisa. Unaweza kugonga sufuria upande ule na yeye akaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Alipokuwa mtoto sikio lile lilitoa usaha, mama akampeleka zahanati wakapewa dawa ya matone, usaha ukakauka, mama akafurahi sana, na dada alipoona furaha ile akashindwa kumwambia kwamba kilichokauka ni usaha peke yake. Mpaka leo mama huwasifia majirani matone yale. Mimi niligundua mwenyewe, kwa sababu nilipojifunza kusoma nilikuwa nikimsomea dada hadithi kitandani, na nikilala upande wa ukutani ananiambia soma kwa sauti, nikihamia upande wa pili ananiambia usinipigie kelele, na siku moja nikahama na kurudi, nikahama na kurudi, mpaka akafumbua macho akaona kwamba nimeelewa. Hakukasirika. Aliniambia, "Basi kuanzia leo wewe ndiye sikio langu la pili. Na sikio halina mdomo."

Tangu hapo tukitembea mimi huwa kushoto kwake. Tuna alama zetu. Nikimgusa kiwiko mara moja ajibu ndiyo, nikimgusa mara mbili atabasamu, nikimbana kidole kidogo kuna mtu anamwita nyuma, na nikimshika kifundo cha mkono anyamaze, nitajibu mimi, na kwa mtu mwenye haya kama mimi hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, lakini nimezoea. Shuleni mwalimu akisema sikio la kufa halisikii dawa, darasa zima hucheka na mimi hufunua kurasa za kitabu chochote kilicho mbele yangu.

Dada ni fundi cherehani, hushona magauni ya harusi, na hiyo kazi imemficha vizuri, maana chumba anachoshonea na wenzake kina cherehani nyingi zinazonguruma pamoja, kila mtu hupaza sauti na kila mtu husema "eti?", kwa hiyo "eti?" ya dada haina tofauti na ya wengine. Cherehani yake ameiweka pembeni, ukuta ukiwa kushoto kwake. Mafundi wenzake humwita Malkia, kwa sababu ukimwita kutoka mlangoni hageuki, nao wanadhani ni maringo. Wateja wanampenda kwa sababu hiyohiyo, wanasema huyu ni fundi asiye na umbea. Mimi ananiita Kamusi. Miili yetu inalingana, kwa hiyo nikitoka shule hupita pale, napanda juu ya stuli, ananivisha gauni la mteja na kulibana pini mwilini mwangu, na mimi husimama pale na kitabu mkononi. Nimevaa magauni ya harusi mengi kuliko bibi harusi yeyote ninayemjua, na riwaya nyingi nimezisoma nikiwa ndani ya shela.

Mchumba wake ni mpaka rangi wa nyumba, walijuana alipokuja kupaka chumba cha mafundi. Ni mtu mpole, sauti yake ya chini kama anaogopa kumwamsha mtu, na kwa kuwa kutwa nzima anafanya kazi ameelekea ukuta amezoea kuzungumza bila kumtazama anayezungumza naye, na hii ndiyo tabia yake moja inayonitia wasiwasi, lakini dada anasema moyo wake hauna doa, nguo zake tu ndizo zenye madoa. Hajui habari ya sikio. Dada amemkalisha kulia kwake tangu mwanzo, kwenye benchi, mezani, kila mahali, na yeye anadhani ndivyo anavyopenda.

Dada aliponiomba niwe msimamizi nilikwenda maktaba nikatafuta kitabu cha adabu za harusi, nikasoma kwamba msimamizi hushika maua, hunyoosha mkia wa gauni, hubeba kitambaa cha kufutia machozi, hula baada ya bibi harusi kula, na hutoa hotuba fupi, na hapo kwenye hotuba nikafunga kitabu kwa muda. Nilipomweleza dada niliyoyasoma akacheka. Alisema hayo yote mtu yeyote anaweza kuyafanya, hata toroli. Akaniambia, "Wewe kazi yako ni moja tu, Kamusi. Nisiaibike." Alimaanisha nisimame kushoto kwake toka mlangoni mpaka mwisho, nimguse pale atakapoulizwa kama anakubali, nimguse pale wakwe watakapompongeza, na harusi ikiisha nihamie kwao, kwa sababu nyumba waliyopanga ina chumba cha pili na haiko mbali na shule. Chumba hicho amekwisha kusema ni changu. Nilikubali yote. Mpaka hapo, mshauri, sikuwa na tatizo.

Tatizo lilianza siku tuliyokwenda kununua kitambaa cha gauni lake. Tulikuwa watatu, mimi, dada na mchumba wake, ambaye mimi humwita shemeji, na kwa kuwa mimi nilibebeshwa jora ambalo lilikuwa refu kunizidi nikawa natembea nyuma yao kidogo, pembeni kiasi cha kuwaona nyuso, na barabara ile haina njia ya waenda kwa miguu, pikipiki zinapita zikikaribia kukugusa viwiko, basi shemeji kwa adabu yake akahamia upande wa magari ili amkinge dada, na upande wa magari ulikuwa wa kushoto. Niliona mdomo wake ukicheza muda mrefu. Nilidhani anasimulia habari za kazi. Dada alikuwa anatazama mbele na kutabasamu kidogo kama mtu anayewaza gauni lake, na nina hakika alikuwa anawaza gauni lake.

Wiki iliyofuata mama alinituma nimpelekee shemeji chakula kwenye nyumba ile waliyopanga, ambayo anaipaka mwenyewe akitoka kazini. Nilimkuta juu ya ngazi, ameelekea ukuta kama kawaida, akaniambia niweke chakula dirishani, kisha akasema bila kugeuka, "Wewe ndiye utakayemshika mkono mwanangu siku ile. Anaogopa watu kama unavyowaogopa wewe, mtapatana."

Nilimuuliza mwana gani. Hapo akageuka, akashuka, akakaa kwenye kopo la rangi akanieleza kwamba ana binti ambaye ndiyo kwanza ameanza shule, kwamba yeye na mama wa mtoto waliachana kabla mtoto hajajua kutembea, kwamba mtoto analelewa na bibi yake mji mwingine na ataletwa siku ya harusi atangulie na kikapu cha pete, mimi nikiwa nimemshika mkono, halafu abaki hapo hapo kuishi nao. Akashangaa kwamba dada hajaniambia. Alisema yeye alimwambia siku ile tuliyotoka dukani. Maneno yake nayakumbuka yote: "Niliogopa sana. Nilijua atalia, au atanigeuzia kisogo. Hakusema hata neno, alitembea tu na tabasamu lake. Pale ndipo nilipojua kwamba nimepata mke."

Akanichukua kunionyesha chumba cha pili, ukutani amejaribisha rangi mbili, njano na buluu, akaniuliza mtoto wa kike atapenda ipi. Nikasema njano. Nilipokuwa naondoka akaniomba nisimtajie dada habari hizo, maana kama mwenyewe ameamua kuzipokea kimya tusimlazimishe kuzisema, kila mtu ana namna yake ya kusamehe.

Sasa mimi nifanye nini? Nikimwambia shemeji kwamba dada hakusikia nitakuwa nimetoa siri ya sikio, ambayo niliapa. Nikimwambia dada habari ya mtoto nitakuwa nimetoa siri ya shemeji, ambayo aliniomba, na pia nitakuwa nimemwambia dada jambo analoliogopa kuliko yote, kwamba nikiondoka kushoto kwake hata kwa mwendo wa barabara moja maneno yanampita. Nikinyamaza, mtoto atatokea siku ya harusi mbele ya watu wote, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu, na dada atamwona pale kwa mara ya kwanza, na hakuna alama tuliyowahi kuiweka kwa jambo kama hilo. Gauni lake sasa linashonwa. Kila jioni ananivisha, anarudi nyuma hatua chache, anaangalia, anafurahi, na mimi nimesimama juu ya stuli na kitabu ambacho kurasa zake sizifunui. Jana aliniuliza mbona riwaya hii haiishi.

Kitabu cha adabu hakisemi lolote kuhusu haya. Naomba uniambie kazi ya msimamizi inaishia wapi. Tafadhali usichapishe barua hii kabla ya harusi, mama hununua gazeti lako kila wiki na huanza na ukurasa wako. Ukiweza nijibu kwa posta kupitia maktaba ya shule, anwani nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ni mimi,
Kamusi.

*

Kamusi mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilitaka kukuvuta sikio, na nadhani unastahili vyote viwili. Nakujibu kwa posta kama ulivyoomba.

Umebeba mizigo ya watu wawili wazima, umeipanga kichwani mmoja juu ya mwingine, kisha unaniuliza kama umesimama sawasawa. Tua kwanza. Siri ya sikio ni ya dada yako. Siri ya mtoto ni ya shemeji yako. Hata moja kati ya hizo si yako, na kwa hiyo huna ruhusa ya kuitoa. Lakini kuna jambo la tatu ambalo hukuliona, na wewe ndiye unayejifanya msomaji. Neno kubwa lilisemwa barabarani, likadondoka katikati ya watu wawili, na aliyeliona likidondoka ni wewe tu. Hilo ni lako. Hilo hukumwapia mtu.

Dada yako nimempenda, lakini amekosea. Mtoto humwambii "sikio halina mdomo" halafu ukamwachia sikio hilo mpaka anaota matiti na kufanya mitihani. Wewe si sikio. Una mdomo, ingawa unautumia kusomea tu. Na shemeji yako, huyo mpole, naye nina neno naye. Habari ya mtoto haisemwi ukitazama pikipiki. Inasemwa mmekaa, macho kwa macho, kisha unangoja jibu hata kama litakuuma. Yeye aliisema upesi, akaona kimya, kimya kile kikampendeza, akakipa maana aliyoitaka. Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu. Hawakusema kimya ni ndiyo.

Kisha kuna ambaye katika barua yako umemtaja kama kikapu tu. Huyo binti. Atavishwa nguo mpya, ataambiwa anakwenda kupata mama, ataletwa mbele ya umati, na mama mwenyewe atamtazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekosea nyumba. Mtu mzima akiaibika harusini atapona. Mtoto wa umri ule uso kama huo hausahau. Ukikosa ujasiri kwa ajili ya dada yako, utafute kwa ajili yake.

Sasa nisikilize. Nenda pale wanaposhona mchana, saa ambayo mafundi wamekwenda kula na cherehani zimenyamaza. Vua hilo gauni, shuka kwenye stuli, huwezi kusema jambo la maana ukiwa umebanwa pini. Kaa kulia kwake. Usimguse popote. Mwambie hivi na usiongeze: siku ile tuliyonunua kitambaa, shemeji alikuambia jambo kubwa akiwa kushoto kwako, hukulisikia, na yeye anadhani ulilisikia ukalikubali. Nenda kamuulize. Akikuuliza ni jambo gani, usiseme. Atakubembeleza, kisha atakukasirikia. Usiseme. Akikataa kwenda kuuliza, mwambie hutakuwa msimamizi wake mpaka aende, na umaanishe hivyo hata ukitoka pale unalia.

Kumuuliza maana yake atalazimika kumwambia habari ya sikio. Ndiyo. Hilo nalo lilikuwa lifanyike zamani. Anataka kuolewa na mtu na bado anataka kumkalisha upande mmoja maisha yote? Watazeeka vipi? Mficha maradhi unajua mwisho wake. Na apelekwe kwa daktari wa masikio, si kwa mtu wa matone, akapimwe hata hilo la kulia, kabla ya harusi au baada, lakini apelekwe.

Habari ya kuhamia kwao kataa. Umeniuliza kazi ya msimamizi inaishia wapi. Inaishia mlangoni. Msimamizi humfikisha bibi harusi mlangoni, akaunyoosha mkia wa gauni usibanwe na mlango, akageuka, akarudi kwao kusoma. Chumba cha pili tayari kina mwenyewe na unamjua, umemchagulia hata rangi.

Zile alama zenu usizitupe. Dada yako akikubali, mfundishe mumewe. Hiyo ndiyo zawadi yako ya harusi, usihangaike kununua nyingine. Mtu anayefunga ndoa hapaswi kuguswa kiwiko na mdogo wake ili aseme ndiyo.

Nenda wiki hii. Ukimaliza niandikie, uniambie pia kama barua yako naweza kuichapisha.

Mshauri wako.

*

Mpendwa mshauri, shikamoo tena.

Dada amesema ichapishwe, bila jina la mtu wala la mji, na jina la Kamusi libaki kwa sababu linamchekesha. Ninaandika niliyoyafanya kama ulivyoniagiza.

Nilikwenda mchana, mafundi walikuwa wamekwenda kula. Sikuvaa gauni. Nilikaa kulia kwake, nikasema maneno yale uliyoniandikia, niliyakariri njiani kama shairi la darasani. Alikuwa anashonea vifungo. Hakuinua kichwa mpaka alipokata uzi. Aliniuliza alisema nini, nikamwambia akamuulize. Aliniuliza kama mimi ninajua, nikamwambia najua. Akasema, "Kwa hiyo siku hizo zote ulisimama juu ya stuli hii unajua." Nikasema ndiyo. Alinikasirikia, kama ulivyosema, lakini hakunibembeleza. Alitoka na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Miguu yangu ilitaka kumfuata ikakae kushoto kwake, nikaizuia kwa kukaa kwenye kiti chake. Nilibaki nikashonea vifungo vilivyobaki. Viwili nilivishona vibaya, baadaye alivifumua.

Yaliyotokea kule shemeji alikokuwa akipaka rangi siku ile, dada ndiye aliyenisimulia. Alimkuta shemeji juu ya ngazi akamwambia ashuke, na aliposhuka akamwambia habari ya sikio wakiwa wametazamana. Shemeji alikaa kwenye kopo, akaanza kukumbuka siku zote alizowahi kumsemesha upande ule, moja baada ya moja, na alipofika siku ya kitambaa akainuka kwenye kopo. Halafu akamuuliza, "Kwa hiyo hukunisamehe?" Dada akamwambia, "Sikukusamehe wala sikukukasirikia. Sikuwepo. Sasa nipo. Sema."

Akasema. Dada hakutabasamu. Alirudi nyumbani peke yake na kwa siku kadhaa hakutaka kumwona, na harusi ikaahirishwa, na mama alilalamika kwamba watu wamekwisha kuambiwa tarehe, mpaka dada alipomkalisha naye akamweleza habari ya matone. Mama alimshika sikio lile, akaliangalia ndani kama anayetafuta kitu alichodondosha, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Kwa daktari walikwenda wote wawili, mama na dada. La kushoto halitarudi. La kulia ni zima.

Dada hakukasirishwa na mtoto. Alikasirishwa kwamba shemeji alimwambia akitazama barabara, na kwamba alipoona hajibiwi hakurudia. Hilo walilizungumza wao kwa wao, mimi sikuwepo na sikuuliza. Ninachojua ni kwamba siku moja shemeji alikuja kwetu, akavuta kiti, akakaa mbele ya dada badala ya ubavuni, na tangu siku hiyo ndivyo anavyokaa. Nimemfundisha alama zote. Bado anachanganya ya kutabasamu na ya kuitwa, na wiki iliyopita alimbana dada kidole jirani alipokuwa akituambia habari ya msiba, dada akageuka nyuma kutafuta mtu. Walipofika nje walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Nilimwambia dada kwamba sitahamia kwao. Alisema alijua, maana chumba kimekwisha kupakwa. Mtoto aliulizwa kwa simu akachagua buluu.

Harusi ni mwezi ujao. Mtoto aliletwa jana, dada akaniambia nimpime, kwa sababu gauni lake atalishona yeye mwenyewe. Ana haya kweli. Nilimpandisha juu ya stuli, na kwa kuwa alikuwa akichezesha mikono na utepe haukai, nikampa kitabu changu akishike. Alikishika juu chini. Nikamwacha hivyohivyo, nikaanza na mabega.